Kamera Zilizofunzwa Adabu Heshimani

Watu wa Heshimani hawatazamani usoni. Mimi sikulijua hilo nilipofika, kwa hiyo nilidhani nchi nzima imedondosha sindano na kila mtu anaitafuta.

Sheria yao ni rahisi. Aliye chini hainui macho mbele ya aliye juu yake. Raia humtazama askari miguu, askari humtazama sajini miguu, sajini humtazama inspekta miguu, na hivyo hivyo mpaka kwa Mwenyekiti wa Baraza, ambaye hana wa kumwinamia, basi yeye hutazama dari. Wanasema jicho ni mkono: ukimtazama mkubwa umemgusa. Sikuwacheka. Kwetu pia mtoto anayewakodolea wakubwa huambiwa hana malezi, na shikamoo yetu ilianzia miguuni kabla hatujaisahau huko.

Nilikaa kwa mama mmoja mjane, Bi Mwanamize. Nilipobisha hodi alitoka, akainama, akaiangalia miguu yangu kwa makini kama mtu asomaye, kisha akatabasamu.

"Shikamoo, bibi," aliniamkia.

"Marahaba, mwanangu," nikamwitikia, maana nimemzidi umri.

"Miguu imechoka, lakini haina kinyongo," alisema. "Ingia ndani."

Akaniletea beseni la maji ya moto na chumvi, akanikanda vidole kimoja kimoja, na jina langu hakuniuliza mpaka tulipokwisha kula. Nimepokewa katika nyumba nyingi. Sijapokewa hivyo.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Ngwali, mwanamume mzima mwenye mabega mapana, muuza mapapai. Kila asubuhi alisukuma mkokoteni wake mpaka soko la juu, na kila asubuhi mama yake alisimama mlangoni akimfuata kwa macho mpaka kona. Kisa cha kumfuata hivyo nilikijua siku ya pili, tulipokwenda kisimani.

Njiani tulipishana na mtu aliyefunikwa kichwa chote kwa kawa, kawa hili hili la ukindu tunalofunikia chakula, limefungwa kwa kamba chini ya kidevu. Alipapasa ukuta akitembea. Nilitaka kumsalimu, Bi Mwanamize akanivuta.

"Huyo hasalimiwi, bibi. Amevikwa."

"Kafanya nini?"

"Alimgusa askari. Ndivyo walivyosema. Anayemgusa askari huvikwa kawa, hamwoni mtu wala mtu hamwoni, mpaka Baraza likumbuke kulivua." Akaharakisha hatua. "Na Baraza lina mambo mengi ya kukumbuka."

Kisha akaniambia. Ngwali alikuwa ameshaonywa na Sajini Vuai, mkubwa wa doria ya barabara ya soko, kwa kosa la kuinua macho. Si kwa kiburi. Ngwali alikuwa na mkokoteni.

"Mama, mimi nitasukumaje mzigo wote ule nikitazama vidole vyangu?" alimwambia mama yake jioni ile, mbele yangu. "Nikiinama nitamgonga mtu. Nikiinuka nimemgusa Sajini. Niambie nichague lipi."

"Chagua kurudi nyumbani," mama yake alimjibu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hofu ya nyumba ile. Sajini alikuwa amekwisha kumtia Ngwali machoni, na barabarani lilikuwepo neno la watu wawili tu, la raia na la askari, na katika nchi ile neno la raia halina uzito wa unyoya.

Basi mtaelewa furaha iliyozuka ziliposikika habari za kamera!

Baraza lilikuwa limeamua kwamba kila gari la polisi litiwe kamera ndani yake, inayoona mbele ya gari na kuweka kumbukumbu ya kila kinachotokea barabarani. Mji mzima ulichangamka. Wanawake walipiga vigelegele kwa kitu ambacho hawajakiona. Ngwali alirudi mbio na mkokoteni mtupu.

"Mama! Wanaleta shahidi asiyeogopa! Akisema Sajini nimemtukana, wanafungua, wanaangalia, basi!"

"Na wewe hutamtazama," mama yake akasema.

"Na mimi sitamtazama. Lakini itanitazama yenyewe."

Siku ya kuchagua kamera, ukumbi wa Baraza ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Nilipewa kiti mbele kwa kuwa ni mgeni na mzee. Aliyeniinukia alikuwa mama mjamzito, nikakataa, akakataa kukataa kwangu, mwisho tukabanana kitini wawili. Mwenyekiti Shaame alifungua mkutano akitazama dari. Wafanyabiashara watatu wakaleta bidhaa zao.

Wa kwanza alikuwa na kamera inayosoma namba ya gari kutoka mbali, mvua ikinyesha. Aliiwasha, na kwenye skrini tukajiona sote, mpaka jasho la puani. Ukumbi ukashtuka. Mjumbe mmoja mnene akasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kitu hiki kinaangalia bila kupepesa! Kimenitazama mimi, kikakutazama na wewe, kwa jicho lile lile. Kimekosa malezi."

"Kweli! Kweli!" wenzake wakagonga meza.

Wa pili alieleza kwamba kamera yake haisubiri kuamriwa. Askari akiwasha taa ya kimulimuli, yenyewe huanza kuhifadhi picha, na huhifadhi pia dakika moja iliyotangulia kabla taa haijawashwa.

"Ngoja kwanza," akasema mjumbe mwanamke, Bi Mafunda, mtu mwenye ulimi mkali. "Inakumbuka mambo ambayo hakuna aliyeiagiza iyaangalie?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Hiyo si kamera, bwana. Hiyo ni jirani yangu."

Tulicheka mpaka yule mjamzito akashika tumbo. Mwenyekiti aligonga nyundo, lakini niliona dari ilimfanya atabasamu.

Wa tatu alileta kisanduku cheusi kizuri sana, kina taa nyekundu. Ndani hakuna kitu. Aliliambia Baraza waziwazi kwamba hakuna kitu. "Askari akiiona taa atajirekebisha," alisema, "raia akiiona taa atajirekebisha, na hakuna mkubwa atakayevunjiwa heshima." Wajumbe wengi wakakipenda. Wakapokezana kisanduku kama mtoto mchanga. Mmoja akasema, "Hii ndiyo imelelewa," na nikaona Bi Mwanamize, aliyekaa sakafuni karibu na kiti changu, ameanza kukusanya khanga yake kama mtu anayetaka kuondoka.

Mwenyekiti akakumbuka kwamba yupo mgeni.

"Bibi, huko kwenu kamera za namna hii hutazama wapi?"

"Kwetu, Mheshimiwa, kitu hutazama anakotaka mwenye nacho. Na siku kinapohitajiwa, mara nyingi huwa kimeharibika."

Wajumbe wakaandika jibu langu kwa bidii kubwa. Nadhani walilichukua kama ushauri.

Watu wa madirishani wakaanza kupiga kelele wanataka ya pili, ile ya jirani. Wajumbe wanataka ya tatu. Ikawa vurugu, na ndipo Mwenyekiti Shaame akatoa uamuzi ambao ulipigiwa makofi na pande zote, nami pia nikapiga, maana moyo wa mtu hudandia furaha ya wenzake.

"Tutanunua ile inayoona na kukumbuka," alisema. "Halafu tutaifunza adabu."

Kazi ya kuzifunga alipewa Fundi Machano, mtu mpole aliyeimba kila alipotumia bisibisi. Uwanja wa polisi uligeuka kama uwanja wa harusi: ngoma, maji ya miwa, na Ngwali akigawa vipande vya papai kwa askari na raia bila kubagua. Fundi alianza kama inavyotakiwa. Aliifunga kamera ya kwanza juu kwenye kioo cha mbele, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, ikawa inaona barabara yote.

Inspekta akafika kuikagua. "Iko juu ya kofia yangu," alisema. "Tangu lini mdogo akakaa juu ya mkubwa?"

Ikashushwa kwenye dashibodi. Akaja mkuu wa stoo, akaketi kitini, akasema kamera iko sawa na kifua chake, na kifua ndipo zinapokaa nishani. Ikashushwa chini ya usukani. Akaja Sajini Vuai mwenyewe, akasema huko chini ya usukani yapo magoti yake, na je, kamera itakaa mapajani mwa sajini kama mjukuu? Ikatolewa nje kabisa, ikafungwa kwenye bampa la mbele, kando ya namba ya gari. Waya ukapitishwa mpaka ndani, kwenye skrini ndogo. Kisha Bi Mafunda akakumbusha kwamba mdogo akikaa chini tu haitoshi, lazima ainame. Fundi akaiinamisha. Kuhusu kinasa sauti, walisema kudukua maneno ya watu ni tabia mbaya, wakakizibia pamba.

Nilichungulia ile skrini. Niliona changarawe, jani kavu, na kuku mmoja kuanzia magotini kwenda chini.

"Fundi, inaona vya kutosha hii?" nilimuuliza.

"Inaona kama sisi, bibi," alijibu, akaendelea kuimba.

Ngwali aliacha kugawa papai. Alisimama mbele ya gari, akaitazama kamera iliyoinamishwa, kisha akacheka kidogo bila raha. "Shahidi wetu naye kaogopa," alisema.

Mambo yaliharibika wiki ileile. Nilikuwa natwanga bizari na Bi Mwanamize pale jirani alipoingia bila hodi. Ngwali amekamatwa barabara ya soko. Sajini Vuai anasema amempiga, amemwangusha chini mbele ya watu. Ameshavikwa kawa la muda mpaka Baraza likae.

Bi Mwanamize hakulia. Alimalizia kutwanga, akachekecha, akafunga bizari kwenye karatasi, akaniambia, "Asubuhi aliondoka nikiwa jikoni. Leo sikumtazama mpaka kona, bibi." Ndipo karatasi ya bizari ikamtoka mkononi.

Baraza lilipokaa, ukumbi ulijaa kuliko siku ya kuchagua. Ngwali aliletwa akiwa ameshikwa mkono, kawa kichwani, akijikwaa kwenye kizingiti. Mama yake alipomwona alifanya kosa: aliinua mkono kumpungia, akakumbuka kwamba haoni, akaushusha polepole. Askari aliyekuwa amemshika Ngwali alikuwa mwanamke, Konstebo Raya, dereva wa lile gari la Sajini. Alikuwa bado msichana wa watu, mwenye buti ndogo zilizong'arishwa. Niliona alipofika kwenye ngazi alimnong'oneza Ngwali, "Inua mguu, kaka." Hakuna aliyemwagiza amsaidie.

Sajini alieleza kisa chake. Alimsimamisha muuza mapapai kwa sababu mkokoteni ulikuwa katikati ya njia. Muuza mapapai akainua macho. Alipoonywa, akampiga Sajini kwa ngumi, Sajini akaanguka. Sajini akainuka kishujaa, akawasha kimulimuli ili kamera ione uhalifu.

"Kamera basi," akasema Mwenyekiti. "Iletwe."

Fundi Machano akaunganisha skrini kubwa. Sajini alikuwa ametulia kabisa, amekunja mikono. Aliyajua mambo mawili: kwamba kamera imeinamishwa, na kwamba aliwasha taa baada ya kila kitu kwisha. Ile dakika ya jirani aliyoitania Bi Mafunda, hakuwa na habari nayo; siku ya kuchagua alikuwa doria.

Picha ikaanza. Miguu tu! Ukumbi ukaanza kucheka. Makatambuga ya tairi yamesimama kando ya gurudumu la mkokoteni. Buti mbili kubwa zinakuja. Hakuna uso, hakuna mkono, hakuna sauti. Mwenyekiti akataka kusema izimwe.

Lakini kicheko kilikatika chenyewe, kama maji yakifungwa.

Nieleze hapa jambo ambalo Baraza lote lilikuwa limelisahau. Watu wale wamekaa maisha yao yote wakitazama chini. Wao hujuana kwa miguu kama sisi tunavyojuana kwa sauti. Wanajua nani kaamka vibaya, nani kafiwa, nani anasema uongo, kwa kukaa kwa kisigino tu. Waliifunga kamera ione kama wanavyoona wao, na sasa ilikuwa ikisema nao kwa lugha yao ya mama. Mimi sikuelewa kitu. Yule mama mjamzito, aliyekuwa tena kando yangu, akawa ananitafsiria kwa kunong'ona, amenishika mkono kwa nguvu.

"Makatambuga yamebana visigino, bibi. Huyo ameomba radhi... Buti inatupa uzito mbele, yule ana hasira... Ona! Visigino vya buti vimepanda. Kainua mkono huyo. Kainua rungu!"

Kisigino kilishuka. Makatambuga yakayumba, na goti moja la Ngwali likagonga changarawe mbele ya kamera. Mapapai yakamwagika. Visigino vya buti vikapanda tena, buti ya kulia ikakanyaga papai bivu, ikateleza, na Sajini mzima akaja chini, tukaona nyayo mbili za buti zimeelekea mbinguni. Moja ilikuwa na tobo lililozibwa kwa kipande cha mpira. Nilimhurumia kwa lile tobo, nakiri.

"Kaanguka mwenyewe!" mtu alisema nyuma.

Rungu lilikuwa limelala kwenye changarawe. Mkono wa Sajini ukatambaa kulitafuta, ukalishika. Hapo ikaingia miguu ya tatu, buti ndogo zilizong'arishwa. Moja ikakanyaga rungu. Mkono ukavuta. Buti ndogo haikuondoka. Mkono ukavuta tena, na ile buti ikajikita mpaka changarawe ikazama. Mwishowe mkono ukaachia. Mwisho zikaja buti za askari wengine wawili, waliokuja kumkamata mtu, nao walikuta nini? Walikuta mikono ya Ngwali imepita makwapani mwa Sajini, inamwinua, kisha inampangusa papai kwenye suruali. Ndipo mwanga wa buluu ukaanza kupigapiga kwenye changarawe.

Ukumbi ukavuma. Sajini alikuwa amekunjua mikono.

"Mheshimiwa," alisema, "miguu ni miguu. Buti za polisi zote hutoka stoo moja. Hapa hakuna uso wa mtu."

"Vuai," ukumbi ukasema.

"Nani kasema?" Mwenyekiti akauliza.

Watu wote walikuwa wanatazama sakafu.

"Vuai, Vuai, Vuai," ikavuma tena, kutoka chini, kama maji chini ya mawe.

Mwenyekiti Shaame akagonga nyundo. Akasoma sheria yao, nami naiandika kama alivyoisoma: anayemtaja mkubwa kwa ubaya sharti asimame, amtazame usoni, ataje jina lake mwenyewe. Lakini anayemtazama mkubwa usoni amemgusa. Na anayemgusa huvikwa kawa. Sheria hii, alisema kwa fahari, haijapata kuleta kesi hata moja.

Bi Mwanamize akasimama. "Mimi nasema. Makatambuga ni ya mwanangu, nilimshonea mimi kamba ile ya kushoto."

"Ushahidi wa mama haupokelewi," alisema Mwenyekiti, wala hakulisema kwa ubaya. "Mama humwona mwanawe hata pale asipokuwepo."

"Sasa aseme nani?"

Alibaki amesimama, mikono yake imeshika hewa. Ngwali aligeuza kawa huku na huku akitafuta sauti ya mama yake. Nilisikia Mwenyekiti akivuta karatasi ya hukumu.

"Buti ya tatu ni yangu," alisema Konstebo Raya.

Lo! Ukumbi mzima ulikuwa umeijua tangu ilipoingia kwenye picha, hata Mwenyekiti nadhani aliijua, na hakuna hata mmoja aliyeitaja. Sasa nikaelewa kwa nini, na mpaka leo nikikumbuka nasikia joto moyoni. Walikuwa wanamficha. Watu mia kadhaa, bila kuambizana, walikubali kunyamaza juu ya kitendo kizuri ili mtendaji asidhurike.

Msichana yule alimwachia Ngwali mkono, akamgeukia Sajini Vuai. Aliinua macho taratibu: kwenye mkanda, kwenye vifungo, kwenye kola. Kisha usoni.

"Naitwa Raya binti Makame," alisema. "Nilikanyaga rungu lako, Sajini. Yeye hakukugusa ila kukuinua. Na wewe wajua."

Sajini Vuai hakuwa amezoea kutazamwa na mtu wa chini. Shingo ikamwiva. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akainamisha kichwa, akatazama buti zake mwenyewe, kama mtu anayekutana nazo kwa mara ya kwanza.

"Kamtazama!" mjumbe mnene akapiga kelele. "Avikwe!"

"Avikwe kwa lipi?" Bi Mafunda akamrukia. "Sajini kainama mbele yake. Anayeinamiwa ndiye mkubwa. Na mkubwa akimtazama mdogo si kosa. Soma sheria yako, baba, usiisome kwa tumbo!"

Nilidhani ni mzaha. Kumbe ni hoja! Waliijadili mpaka jua likapinda, na ikawa hawana njia ya kuipita. Konstebo Raya hakuvikwa. Karatasi ya hukumu ya Ngwali ikachanwa. Mambo ya Sajini yakapelekwa kwenye kamati. Mjumbe mnene akaomba haraka iundwe kamati nyingine, ya kutazama kama askari wavae suruali ndefu zinazoburura, ili miguu nayo isionekane. Hiyo niliiacha bado inaendelea.

Bi Mwanamize alikuwa amekwisha kumkimbilia Ngwali, anahangaika na fundo la kamba, karani akamzuia.

"Bado, mama. Kuvuliwa kawa ni tendo la serikali. Tangu tuliponunua kamera, tendo la serikali ambalo halimo kwenye kamera halijatendeka. Lazima avuliwe mbele ya gari, uso uonekane."

"Lakini kamera yenu inaona miguu tu," nilisema.

Karani akafikiri. Akaenda kumnong'oneza Mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama dari kwa muda mrefu sana, na dari haikumpa kitu, ikabidi atutazame sisi. Alikuwa na macho mazuri, ya uchovu.

"Fundi Machano," alisema, "chukua bisibisi yako."

Tukamwagika wote uwanjani. Ngwali akasimamishwa mbele ya gari. Fundi akapiga magoti kwenye bampa, akalegeza skurubu. Konstebo Raya akafungua mlango, akampa Bi Mwanamize mkono, akamketisha kiti cha mbele penye skrini. Raia hajapata kukaa kiti kile. Mimi nikajibana nyuma yake.

"Nikifika niambieni!" fundi akapaza sauti.

Kwenye skrini yalikuwa makatambuga.

"Juu kidogo," alisema Bi Mwanamize.

Yakaja magoti, moja lina kidonda kinachokauka. "Juu, mwanangu." Ikaja mikono yake inayofumba na kufumbua. Nyuma yetu inspekta alisema sasa imepita kiuno, inatosha, na hakuna aliyegeuka kumsikiliza. "Juu kidogo." Kifua. Kamba. Kawa, limejaza kioo chote, na mkono wa Raya ukifungua fundo.

Kawa likainuka.

Alikuwa amekonda, ana ndevu, anafinya macho kwa jua. Kisha akaitazama kamera moja kwa moja, akatabasamu kwa woga, hajui kama inaruhusiwa.

Bi Mwanamize aliweka kiganja chote juu ya skrini, akakiondoa upesi ili asimzibe.

"Hapo," alisema. "Kaza, fundi. Kaza kabisa."